Mfalme Hakosei, Basi Nani Hujibu?

SWALI: Wakili, mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya upili ya wasichana hapa Kisumu. Kidato cha nne tumefika mada ya serikali za nchi nyingine. Nimewafundisha kwamba Uingereza ni ufalme wa kikatiba: Mfalme ni mkuu wa nchi, waziri mkuu ni kiongozi wa serikali, na mambo yote hufanywa kwa jina la Mfalme. Msichana mmoja akanyoosha mkono: kama Mfalme hashtakiwi, na waziri mkuu hutenda kwa jina lake, serikali ikikosea nani hujibu? Mwenzake anayetoka Mumias akaongeza: je, Kenya tusingekuwa na uwajibikaji zaidi kama tungebaki na mfalme asiye na madaraka, na waziri mkuu anayeweza kung'olewa siku yoyote? Kitabu cha kiada hakina jibu. Nisaidie.

JIBU: Mwalimu, huyo wa kwanza ameuliza jambo ambalo Waingereza wenyewe walilipigania vita. Jibu walilofikia ni hili: anayejibu ni yule aliyetoa ushauri. Mfalme hutia saini, lakini waziri ndiye aliyemshauri atie, na waziri huyo ana kiti Bungeni, mahali anapoweza kuulizwa, kukaripiwa na kuangushwa. Ule msemo kwamba mfalme hakosei usiwafanye wanafunzi wadhani anachukuliwa kuwa malaika. Kazi ya msemo huo ni kumnyima waziri mahali pa kujificha. Hawezi kusimama mbele ya wabunge akasema "niliamriwa na Mfalme."

Kwa wanaotaka picha ya haraka, waambie wafikirie matatu. Jina lililo kwenye logibuku ni la Mfalme, usukani anao waziri mkuu, na gari likigonga mtu, dereva ndiye hutafutwa. Ishieni hapo, maana mwenye matatu anaweza kumfuta dereva asubuhi akitaka, na Mfalme hawezi. Mara ya mwisho mfalme wa Uingereza kumwondoa waziri mkuu kwa uamuzi wake ilikuwa 1834, William wa Nne alipomwachisha Lord Melbourne. Mara ya mwisho mswada uliopitishwa na Bunge kunyimwa idhini ya kifalme ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne. Kwetu, Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha Juni 26, 2024, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni, na Ibara ya 115 ya Katiba yetu inamruhusu. Kwa hiyo rais wetu ana nguvu ambayo mfalme wao ameiacha ilale kwa zaidi ya miaka 300.

Lakini nguvu za mfalme hazikuyeyuka. Zilihamia mikononi mwa mawaziri, na hapo ndipo vitabu vya shule hunyamaza. Kupeleka majeshi vitani, kutia saini mikataba na mataifa, kuteua na kufuta mawaziri, kutoa pasipoti, kufunga kikao cha Bunge: haya ni mamlaka ya kale ya kifalme ambayo hayakutokana na sheria yoyote iliyopitishwa na Bunge. Leo waziri mkuu huyatumia, na Mfalme huweka mhuri. Kwa maoni yangu hili ndilo doa kubwa la mfumo wao. Taji linamzuia kiongozi wa serikali asijifanye baba wa taifa, na papo hapo linampa kabati la zana ambazo hakuna mbunge aliyezipigia kura.

Mwaka 2019 kabati hilo lilifunguliwa hadharani. Mzozo wa kujitoa Umoja wa Ulaya ulikuwa umepamba moto, na siku ya kujitoa iliwekwa Oktoba 31. Waziri mkuu, Boris Johnson, akamshauri Malkia Elizabeth afunge kikao cha Bunge kwa takriban wiki tano, hadi Oktoba 14. Tarehe 28 Agosti wajumbe wachache walisafiri hadi Balmoral kule Scotland, Malkia akaidhinisha. Angefanyaje? Angekataa, angeambiwa amejiingiza katika siasa. Alikubali, na ikaonekana ametumiwa. Bunge likafungwa usiku wa kuamkia Septemba 10, wabunge wa upinzani wakipaza sauti na kushika mabango ukumbini.

Kesi mbili zikaenda mahakamani, moja London na nyingine Edinburgh, na majaji wa pande hizo mbili hawakukubaliana. Septemba 24 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Lady Hale, walitoa uamuzi kwa kauli moja. Walisema mamlaka ya kufunga Bunge yana mpaka: hayawezi kutumiwa kulizuia Bunge kufanya kazi yake bila sababu ya msingi, na hapa hakuna sababu ya maana iliyoletwa mbele yao. Hawakuingia moyoni mwa Johnson kutafuta nia yake. Walitazama matokeo, wakasema amri ile ni batili tangu mwanzo, kana kwamba karatasi iliyopelekwa Bungeni ilikuwa tupu. Kesho yake wabunge wakarudi kwenye viti vyao. Mwonyeshe msichana wako jambo hili: katika kesi yote Malkia hakuitwa kujieleza. Aliyetakiwa kujieleza ni aliyemshauri.

Hapa sisi tumewatangulia, na ni vizuri darasa lijue. Chini ya katiba yetu ya zamani rais angeweza kufunga au kuvunja Bunge wakati wowote, na Moi aliita tarehe ya uchaguzi silaha yake ya siri. Katiba ya 2010 ilimnyang'anya silaha hiyo: uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, iwe rais anapenda au hapendi. Waingereza walijaribu kuweka tarehe maalumu kwa sheria ya 2011, wakaifuta 2022. Ndiyo maana waziri mkuu Rishi Sunak aliweza kusimama kwenye mvua Mei 2024 na kutangaza uchaguzi wa Julai 4 kwa hesabu zake mwenyewe.

Sasa swali la mahakama na amri zake, ambalo wakazi wa Kisumu wanalijua bila kusoma kitabu. Mwaka 1991 mwalimu mmoja kutoka Zaire, anayetajwa katika kumbukumbu za kesi kwa herufi M tu, aliomba hifadhi Uingereza, akakataliwa, akapandishwa ndege. Usiku ule ule jaji akaamuru arudishwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akafuta mipango ya kumrudisha. Hoja ya serikali ilikuwa ya kifalme kabisa: mahakama ni za Taji, waziri ni wa Taji, basi Taji haliwezi kujiamuru wala kujiadhibu. Mwaka 1993 majaji wa Malodi, yaani Bunge la juu la Uingereza, waliokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, waliikataa. Walisema waziri hutakiwa kutii sheria, hafanyi hivyo kwa hisani yake, na Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa wadhifa wake, akapatikana na hatia ya kudharau mahakama. Jaji mmoja alikumbusha kwamba kuikubali hoja ile kungekuwa kugeuza matokeo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17.

Miaka 25 baadaye, Machi 2018, mwana wa Nyando, wakili Miguna Miguna, alizuiliwa uwanja wa ndege wa Nairobi kisha akasafirishwa hadi Dubai huku amri za mahakama zikipuuzwa. Jaji George Odunga aliwatoza Waziri wa Usalama wa Ndani, mkuu wa uhamiaji na Inspekta Jenerali faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Kisheria hukumu hizo mbili ni ndugu. Tofauti ni kilichofuata. Miguna alikanyaga tena ardhi ya Kenya Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini, usimwambie kwamba wao wana mfalme. Mwambie kule waziri anayedharau mahakama hurudi Bungeni alasiri kukutana na wabunge wenye uwezo wa kumwangusha yeye na mkubwa wake. Wetu hurudi ofisini kwa mtu aliyemteua.

Kuhusu hivyo vita vya karne ya 17, kuna tukio moja ningeliandika ubaoni. Januari 1642 Charles wa Kwanza aliingia ukumbi wa Bunge la chini na askari wenye silaha kukamata wabunge watano. Walikuwa wameshatoroka. Spika, William Lenthall, alipiga magoti akamwambia Mfalme kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwagiza. Charles akaondoka mikono mitupu, na baada ya miaka saba akakatwa kichwa. Mpaka leo, siku ya kufungua Bunge, mjumbe wa Mfalme hufungiwa mlango usoni na lazima abishe hodi mara tatu kwa fimbo kabla ya kufunguliwa. Hotuba ambayo Mfalme husoma baadaye kwenye ukumbi wa Malodi, "serikali yangu itafanya hili na lile," imeandikwa na ofisi ya waziri mkuu, neno kwa neno.

Upande wa pili wa ubao andika Oktoba 1975, Nairobi. Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua Kanu. Akatakiwa athibitishe. Jean-Marie Seroney wa Tinderet, aliyekuwa kwenye kiti cha Spika, akasema jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye polisi waliwachukua wote wawili ndani ya majengo ya Bunge, wakakaa kizuizini hadi Moi alipowaachilia mwishoni mwa 1978. Alichoshindwa mfalme wa Uingereza 1642, serikali ya jamhuri yetu iliyokuwa haijatimiza miaka 11 ilikifanya bila kubisha hodi. Na mwaka huo huo Masinde Muliro alipoteza uwaziri kwa kupiga kura kuunga mkono ripoti ya Bunge kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki. Kanuni ya mawaziri kuwajibika kwa pamoja, iliyobuniwa ili Bunge liiangushe serikali nzima kwa mkupuo, ikageuzwa kuwa kamba ya kuwafunga mawaziri midomo.

Nimefika kwa swali la huyo wa Mumias. Tulikuwa na mfalme, tena kwa mwaka mmoja kamili. Kuanzia Desemba 12, 1963 hadi Desemba 12, 1964, mkuu wa nchi ya Kenya huru alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Chama cha upinzani, KADU, kikajivunja Novemba 1964, na mwezi uliofuata jamhuri ikazaliwa. Wengi husimulia kwamba siku hiyo tulimwondoa Malkia. Ni kweli. Lakini tuliunganisha pia viti viwili kuwa kimoja: cheo cha mkuu wa nchi na kazi ya mkuu wa serikali vikamwangukia mtu mmoja. Heshima ya kiti cha kwanza ikaanza kulinda makosa ya kiti cha pili. Kumkosoa waziri mkuu ni siasa za kawaida. Kumkosoa Baba wa Taifa kukawa utovu wa adabu, kisha uchochezi.

Hata kura ya kutokuwa na imani ilibaki katika katiba ile ya zamani, lakini ikiwa na mtego. Bunge likiipitisha, rais alikuwa na siku tatu za kujiuzulu au kulivunja Bunge; asipofanya lolote, Bunge lenyewe lilivunjika siku ya nne. Mbunge gani angejichimbia kaburi la kiti chake?

Hapo ndipo tofauti halisi na Uingereza ilipo. Kule, kumwondoa mkuu wa serikali hakuhitaji kosa lolote. Machi 28, 1979 serikali ya James Callaghan ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Mbunge mmoja wa chama chake, Alfred Broughton, alikuwa mahututi, na Callaghan akaamua asiletwe kwa ambulensi kuja kupiga kura. Broughton alifariki siku chache baadaye. Hakuna aliyemshtaki Callaghan kwa wizi wala kuvunja sheria. Alikosa idadi tu. Sisi, chini ya Ibara ya 145, tunahitaji mashtaka: ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, uhalifu, au mwenendo mbaya kupindukia. Kisha theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, yaani wabunge 233 kati ya 349, halafu maseneta 45 kati ya 67. Mwaka 2024 Rigathi Gachagua aliondolewa kwa njia inayofanana na hiyo: kati ya mashtaka 11, Seneti ilimpata na hatia kwa matano. Alikuwa naibu aliyekosana na mkubwa wake, na wingi wa wabunge ulikuwa upande wa mkubwa. Rais mwenyewe hajawahi kufikishwa huko.

Kuna jambo la kurekebisha, ingawa. Wanafunzi wameona waziri mkuu Liz Truss akidumu siku 49 mwaka 2022 na wakadhani Bunge lilimpigia kura. Halikumpigia. Yeye na Johnson kabla yake waliangushwa na chama chao wenyewe. Johnson alikuwa ameshinda kwa wingi wa viti 80 mwaka 2019, akaondoka baada ya mawaziri na wasaidizi zaidi ya 50 kujiuzulu ndani ya siku chache. Kumbe Bunge lenye wingi mkubwa kule nalo huweza kulala usingizi. Kinacholiamsha ni wabunge kuogopa kupoteza viti vyao kwa sababu ya kiongozi ambaye wao ndio waliomweka. Rais wetu hawekwi nao. Ana kura zake za nusu na moja, na robo ya kura katika kaunti 24, na anaweza kuwajibu: mimi nina wenye nchi.

Halafu kuna suala la kinga, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ibara ya 143 inamkinga rais aliye madarakani dhidi ya kesi za jinai, isipokuwa zile za mikataba ya kimataifa. Kinga hiyo ni binamu wa "mfalme hakosei." Ila kule mwenye kinga hana madaraka, na mwenye madaraka hana kinga. Aprili 2022 polisi wa London walimtoza Johnson, akiwa waziri mkuu, faini ya pauni 50 kwa kuhudhuria hafla wakati wa marufuku ya korona. Akalipa kama raia yeyote. Sisi tulichukua kinga ya anayevaa taji tukampa anayeshika usukani.

Wenzetu wa Kisumu wataniuliza kuhusu hayati Raila Odinga, waziri mkuu wa 2008 hadi 2013. Cheo kilikuwa hicho hicho, kazi haikuwa hiyo. Alisimamia na kuratibu wizara, na Jumatano alijibu maswali Bungeni, lakini Kibaki alibaki mkuu wa nchi na mkuu wa serikali. Aliyejibu hakuwa na neno la mwisho, na mwenye neno la mwisho hakuulizwa. Anayependekeza turudishe cheo hicho aulizwe kwanza kama waziri mkuu wake atakuwa wa aina ya Callaghan au ya 2008.

Nisiwapambe Waingereza kupita kiasi. Mfalme wao akutanapo na waziri mkuu kila wiki, hakuna anayeandika kumbukumbu. Gazeti moja lilipigania kwa miaka kumi barua ambazo Charles, alipokuwa mwana mfalme, aliwaandikia mawaziri. Mahakama ya Juu ikaruhusu zitolewe 2015, lakini Bunge lilikuwa limeshabadilisha sheria ili barua za baadaye za mfalme na mrithi wake zisiombwe tena. Kwetu, haki ya raia kupata habari imeandikwa kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 35.

Na kutenganisha viti peke yake hakutoshi. Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda ilikuwa na Kabaka Mutesa wa Pili kama rais wa heshima na Milton Obote kama waziri mkuu. Februari 1966 Bunge lilitaka uchunguzi wa tuhuma za dhahabu ya Congo. Obote akawakamata mawaziri watano, akasimamisha katiba, na Mei 24 jeshi chini ya Idi Amin likashambulia ikulu ya Mengo. Lesotho ilikosea kinyume chake: Agosti 1994 Mfalme Letsie wa Tatu aliifuta serikali iliyochaguliwa, na majirani wakambana hadi airudishe mwezi uliofuata.

Huyo msichana wa Mumias huenda ana Nabongo, mfalme wa Wanga, kichwani, na si vibaya. Mwambie tu kwamba Nabongo Mumia alipofanywa chifu mkuu na Waingereza mwaka 1909, ndugu zake walipelekwa kutawala watu wasio Wanga, Murunga kwa Wabukusu na Mulama kwa Wamarama, na walijibu kwa ofisa wa wilaya, hawakujibu kwa waliowatawala. Manung'uniko ya enzi hizo bado husimuliwa Bungoma na Butere. Na akitaka kweli Kenya irudishe kiti cha mfalme, lazima aguse muhula wa rais na mamlaka ya wananchi, na hayo yako chini ya Ibara ya 255: kura ya maoni, wapiga kura wasiopungua asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na walio wengi waseme ndiyo.